Barua ya wazi: kile kibuyu kina jina lake

Kwenu wakubwa mnaosimamia makumbusho, mambo ya kale na utamaduni, wa hapa mkoani na wa huko wizarani, shikamooni.

Mi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge na mashuka pale soko la Kilombero hapa Arusha, naishi Sanawari, na hii barua nimeiandika kwenye simu usiku nne mfululizo watoto wakishalala, kwahiyo mtanisamehe kama maneno yanarukaruka. Sijawahi kuwaandikia viongozi hata siku moja. Ila kuna jambo limenikaa kifuani toka likizo ya mwezi wa sita na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimemkosea bibi yangu.

Ni jambo la kibuyu.

Ilikuwa hivi. Mwanangu mkubwa yuko darasa la tano, shule yao ilipelekwa kuangalia maonyesho sehemu moja huku kwetu kaskazini, jina la hiyo sehemu naomba nisilitaje maana sitaki kijana yeyote wa pale aitwe ofisini kwa ajili yangu, alafu hili ninalolisema nimelikuta zaidi ya sehemu moja. Aliporudi nikamwambia haya nisomee ulichojifunza. Akafungua daftari. Walikuwa wameambiwa wanakili maelezo yaliyobandikwa kwenye makabati ya vioo. Akaanza kusoma: chombo cha asili. Chombo cha asili. Silaha ya asili. Chombo cha asili. Vazi la asili. Nikachukua daftari nikahesabu mwenyewe, chombo cha asili kimeandikwa mara saba kwenye kurasa mbili, nikamuuliza sasa hivi vyombo vilikuwa vya kazi gani, vya nani, vimetoka wapi, akaniambia mama haikuandikwa.

Mtoto anaandika vizuri, mwalimu kampa tiki. Tiki kubwa nyekundu chini ya chombo cha asili mara saba.

Nilikaa na hiyo daftari siku mbili tatu. Alafu nikasema hapana, ngoja nikamchukue bibi. Bibi yangu mzaa mama anakaa Poli, kijijini huko Meru, tarehe yake ya kuzaliwa haijui ila anajua kwamba walipofukuzwa Engare Nanyuki alikuwa tayari anachunga mbuzi peke yake, na hiyo ilikuwa 1951, kwahiyo hesabu mtapiga wenyewe. Toka azaliwe alikuwa hajaingia makumbusho. Siku ya kwenda alivaa kitenge kipya na kilemba kama anaenda kipaimara. Jumamosi nikafunga kibanda, na mnaojua Kilombero mnajua Jumamosi ni siku gani kwa mfanyabiashara, tukashuka na bodaboda mpaka lami tukapanda haisi, bibi, mimi na watoto wote wawili.

Tumeingia, tumezunguka, bibi anatembea taratibu mikono nyuma. Tukafika kwenye kabati ambalo ndani kuna kibuyu kidogo chenye shingo na mkanda wa ngozi. Akasimama. Akamuuliza mwanangu, hicho kikaratasi kinasemaje?

"Kinasema chombo cha asili, bibi."

"Chombo cha asili cha nini?"

"Kimeishia hapo."

Kulikuwa na kijana anaangalia chumba, akasogea akamsalimia vizuri kabisa shikamoo bibi, bibi akaitikia marahaba mwanangu, alafu akamwambia naomba unifungulie hapa ninuse. Kijana akacheka kwa adabu akasema bibi funguo sina mimi, na hairuhusiwi. Bibi akamwambia sasa mtajuaje kama kilikuwa cha maziwa kweli kama hamnusi? Kibuyu cha maziwa hata kikae miaka arobaini ukikinusa ndani utakuta moshi. Akaanza kumwelezea. Kwamba kibuyu hakioshwi na maji tu kikaisha, unachukua kijiti cha mzeituni pori, ule Waarusha na Wamasai wanauita oloirien, unakichoma mpaka kinakuwa kaa la moto, unasugulia ndani, unafukiza, unatoa majivu, ndo unaweka maziwa, na hapo maziwa yanakaa siku nyingi hayaharibiki na yanakuwa na ile ladha. Kwamba kila nyumba ladha yake ilikuwa tofauti kidogo kwa sababu kila mama ana mkono wake, na mtoto akinyweshwa maziwa kwa jirani alikuwa anajua haya siyo ya kwetu. Kwamba kibuyu cha ukubwa ule siyo cha mtu mzima, ni cha mtoto aliyeanza kutembea, mtu mzima kibuyu chake ni kile kingine pale, akakionyesha, na kweli kwenye kabati la pili kilikuwepo kikubwa nacho kimeandikwa chombo cha asili.

Alafu akaona ufa.

Wakubwa, mimi nilikuwa nimepita pale mbele ya kile kioo na sikuuona. Kwenye tumbo la kibuyu kuna ufa umeshonwa, umeshonwa kama fundi anavyoshona gunia, uzi mwembamba wa rangi ya udongo, hatua ndogondogo zimelingana. Bibi aliweka kidole kwenye kioo akafuata zile hatua moja moja. Akasema huyu aliyeshona alikuwa anakipenda. Kibuyu kinalimwa, ungeweza kupata kingine mwaka ukija, mtu hashoni kibuyu cha mtoto mpaka awe na sababu. Labda mtoto mwenyewe alishafariki, akasema, au labda ndo kitu pekee walichotoka nacho.

Na hapo ndo akanyamaza, na mimi nikajua anawaza nini.

Wengine mnaosoma hamjui habari ya Engare Nanyuki kwahiyo ngoja niseme kwa kifupi japo si ya kusemwa kwa kifupi. Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwatoa Wameru kama 3,000 kwenye ardhi yao kule Engare Nanyuki ili wapewe walowezi wa Kizungu kwa ajili ya ranchi. Nyumba zilichomwa. Mifugo ilikufa njiani. Walitakiwa wahamie Kingori, wengi wakakataa, wakapanda kwa ndugu zao huku mlimani wakabanana, ndo hivyo familia ya bibi ilivyofika Poli. Wameru wakachanga hela, wakamtuma Kirilo Japhet, na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi yake Moshi, wakaenda New York mwaka 1952 mpaka Umoja wa Mataifa kusema haya mambo mbele ya dunia. 1952 jamani! Chama cha TANU kilikuwa hakijazaliwa, kilizaliwa 1954. Mtu wa mlima Meru anasimama Umoja wa Mataifa anasema ardhi yetu imechukuliwa. Ardhi haikurudi wakati ule, ila nchi nzima ilisikia kwamba kumbe inawezekana kusimama.

Mama yake bibi alitoka Engare Nanyuki na kibuyu kimoja na mtoto mgongoni. Hiyo hadithi naijua toka mdogo, ila sikuwahi kujua kwamba kile kibuyu nacho kilipasuka njiani na kikashonwa. Niliisikia kwa mara ya kwanza siku ile, mbele ya kioo, na mwanangu mwenye daftari la vyombo vya asili saba akiwa amemshika mkono.

Wakati bibi anaongea watu walisogea. Wanafunzi wawili wa chuo, baba mmoja na mke wake, yule kijana akamwita mwenzake wa chumba cha pili, mpaka wageni wawili Wazungu na mwongozaji wao wakasimama na yule mwongozaji akawa anatafsiri kwa sauti ya chini. Watu kumi na moja, nilihesabu. Hakuna aliyekuwa anaangalia simu. Yaani kwa dakika kama ishirini kile chumba kilipata uhai, na kilichobadilika ni bibi tu, makabati yalikuwa yaleyale.

Tulivyotoka nikamuuliza yule kijana, haya aliyosema bibi mtayaandika? Akaniambia dada natamani, ila mimi sina mamlaka ya kubadilisha kikaratasi, vinatoka juu. Simlaumu. Kajitahidi kuliko wengi. Ndo maana naandika huko juu.

Ombi langu ni moja na lingine lote linatoka humo: watafuteni wazee waliotumia hivi vitu, waleteni mbele ya makabati, waandikeni wanachosema, kwa Kiswahili na kwa lugha zao, kabla hawajatutoka.

Msinielewe vibaya, naipenda makumbusho. Huu mji wetu ni tajiri kiasi kwamba mtu anaweza kutembea kwa miguu toka Mnara wa Saa na ndani ya nusu saa awe amepita kwenye historia ambayo nchi nyingine zingeijengea ukuta wa dhahabu. Unapanda Boma Road, mbele unakutana na lile boma la Wajerumani la 1900 ambalo leo ndo Makumbusho ya Elimu Viumbe. Unavuka unaiona AICC, kile kituo cha mikutano ya kimataifa, humo ndo mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mpaka 2015, humo tarehe 2 Septemba 1998 Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, alikutwa na hatia, mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Hapa Arusha! Na mkataba wa amani wa Burundi ulisainiwa hapahapa Agosti 2000, Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Ukishuka kidogo unafika Mnara wa Mwenge, pale kuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambapo halmashauri kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikapitisha lile Azimio, na Mwalimu akalitangaza tarehe 5 Februari. Sijui mji gani mwingine Afrika Mashariki una vitu vyote hivi karibu karibu hivi.

Lakini hebu fikirieni kila kimoja kina wazee wake. Boma lilijengwa na nani? Lilijengwa kwa nguvu za Waarusha na Wameru waliolazimishwa, baada ya vita, kwa kipigo. Wajukuu na vitukuu vya waliobeba yale mawe wako Sekei, wako Ngaramtoni, wako Akheri, wanauza ndizi, wanaendesha bajaji, na kwenye familia zao kuna maneno yamebaki. Mahakama ya Rwanda ilikaa hapa miaka ishirini, kuna kina mama walipika pale, madereva walibeba mashahidi, wakalimani, walinzi, walisikia nini, walilala usingizi gani? Na Azimio, kuna wazee walikuwa vijana wakatembea kwa miguu kuliunga mkono, mwenzao mmoja kijana wa shule Seti Benjamin alifariki njiani akielekea Dar es Salaam, na Mwalimu naye Oktoba ya mwaka huohuo akatembea toka Butiama mpaka Mwanza. Waliotembea na wakafika, wangapi bado wapo? Wana miaka sabini na kitu, themanini. Mkingoja bajeti ya miaka mitano ijayo mtaandika kwa kukisia.

Kuna kitu kinaniuma nikikifikiria. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, mtu wa kale, kule Bonde la Oldupai, fuvu la miaka kama milioni 1.75, na leo wataalamu wanajua meno yake, wanajua taya lake, wanabishana alikuwa anakula nini. Zile nyayo za watu wa kale za Laetoli zina miaka milioni 3.6 na zimepimwa hatua kwa hatua, tunajua walipita juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Nawapongeza kabisa, hiyo ni kazi kubwa na ni fahari yetu, mwanangu anayajua hayo yote kwa kichwa. Sasa inakuwaje tunamjua mtu wa miaka milioni moja na laki saba na nusu mpaka gego lake, alafu mtoto aliyenywea kile kibuyu, ambaye huenda sasa ni mzee na yuko hai hapo Usa River, hatumjui hata kabila?

Na hilo jina la Oldupai lenyewe ni funzo. Dunia nzima imezoea kuandika Olduvai, kwa sababu mgeni alisikia vibaya akaandika alivyosikia. Wamasai wanasema oldupai, ule mkonge pori unaota pale bondeni. Herufi moja tu, na zaidi ya miaka mia imepita bado tunarekebisha. Ndo maana jina la kile kibuyu bibi alinitajia, kwa Kimeru, na mimi sitaliandika hapa. Mi nimekulia mjini, Kimeru changu ni cha kusikia, nitakosea, alafu mtu atanakili nilivyokosea. Nataka mlisikie kwake, alitamke mara tatu, mrekodi.

Alafu angalieni wenzetu wanafanya nini. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, kule Old Moshi pamoja na viongozi wenzake kumi na nane, wakiwemo wa Wameru na Waarusha, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Ukoo wake umehangaika miaka na miaka kukitafuta. Sasa Septemba 2023 kule Berlin walitangaza kwamba wamepima vinasaba vya mafuvu yaliyochukuliwa huku, wakayalinganisha na vya familia zilizopo Kilimanjaro, wakapata ndugu walio hai, na fuvu moja likatambulika kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli. La Mangi mwenyewe halikupatikana. Yaani wao waliochukua, baada ya miaka mia na ishirini na kitu, wanalipia maabara kutafuta fuvu ni la nani. Sisi hatuhitaji maabara. Sisi tunahitaji kuita mtu mwenye jibu, yuko Poli anamenya ndizi.

Au nendeni Tengeru, kwenye makaburi ya Wapoland. Wakimbizi wa Poland kama 5,000 walikaa kambini pale toka 1942 baada ya kupita Siberia na Uajemi, wakakaa miaka michache vita vilipoisha wakatawanyika duniani. Walioachwa pale ni kama 150, kila kaburi lina jina, linafagiliwa, watu wao wanatoka mbali sana kuja kuweka maua. Nimepeleka watoto pale, tulisoma majina tukakaa kimya. Mgeni aliyepita miaka michache jina lake limeandikwa vizuri kwenye udongo wetu, na sisi tulioota hapa tunaitwa asili. Wapoland hawana kosa hapo, wamefanya inavyotakiwa kufanywa. Nataka na sisi tufanyiwe hivyohivyo, na wa kutufanyia ni nyinyi.

Najua mtasema hela. Najua makumbusho yanahitaji mapaa, taa, mchwa wanakula, mishahara. Ila hili halihitaji jengo. Linahitaji mtu mmoja mwenye daftari na simu ya kurekodi na nauli ya kwenda vijijini, na uvumilivu wa kukaa na mzee mpaka afike kwenye pointi maana wazee hawaanzii pale unapotaka wewe. Arusha imejaa vijana wamemaliza chuo, wamesoma historia, wamesoma utalii, wamesoma lugha, wako nyumbani wanaomba kazi ya kujitolea hata bila posho kubwa. Wapeni kabati moja moja. Mmoja akae na vibuyu, mwingine mizinga ya nyuki, mwingine mikuki, mwingine zile picha za zamani ambazo chini yake wameandika kundi la wenyeji wakati nyuso zinaonekana kabisa na huenda kuna mtu hapa mjini akiona atasema huyu ni babu. Hizo picha mngezibandika hata stendi kwa wiki moja, mngezipeleka sokoni, makanisani, misikitini, mnadani Ngaramtoni, mkauliza nani anamjua huyu. Naamini kabisa majina yatapatikana.

Na vikaratasi viandikwe Kiswahili cha kueleweka. Kuna sehemu nimekuta Kiingereza aya nzima na Kiswahili mstari mmoja, kama vile mwenye lugha ndo mwenye haraka. Watalii wakisomewa na mwongozaji wao inatosha, sisi tunasoma wenyewe. Alafu chini yake wekeni maneno ya mzee, kama alivyosema, na jina lake kama ameridhia: haya ameyasema fulani, wa kijiji fulani, mwaka fulani. Mtoto wangu akinakili hiyo kwenye daftari atakuwa amenakili kitu.

Lingine ni muda. Kule tulikoenda wanafunga saa ambayo mimi bado nakata kitambaa, na Jumapili ambayo ningeweza kwenda baada ya ibada ni mwendo wa kubahatisha. Fundi hawezi, mama wa sokoni hawezi, konda hawezi, dada wa kazi za ndani ndo kabisa. Kiingilio cha mwananchi sikilalamikii, ni cha haki, kinachotushinda ni saa. Fungueni hata jioni moja kwa wiki mpaka saa mbili usiku. Hata mwaka juzi nilipanga kwenda nikakuta geti limefungwa, nikarudi na watoto wawili wanalia na soda mkononi, hiyo siku ilinivunja moyo nikakaa mwaka mzima sijajaribu tena.

Na shule. Watoto mia na ishirini wakiingia kwa mpigo, nusu saa, mstari, usiguse, sogea, nakili, hao hawajaona kitu. Mwanangu aliona migongo ya wenzake. Wagaweni makundi ya watoto ishirini ishirini, na kila kundi likute mzee mmoja amekaa kwenye kigoda chake, na kitu kimoja tu cha kushika. Kimoja kinatosha! Siyo lazima kile cha zamani cha thamani, tafuteni kibuyu kipya cha kufukiza mbele yao, wanuse moshi, waonje maziwa. Tarehe 18 Mei ni siku ya makumbusho duniani, kila mwaka ipo, mwakani siku hiyo wenyeji wa shughuli wawe wazee, viongozi wakae kwenye viti vya kusikiliza. Mnaweza mkatupikia loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa mgando, tukala wote pale nje, sisi akina mama tutakuja kusaidia kupika wenyewe, mahindi tutachanga.

Na wazee mnaowaita muwape nauli na chakula na kitu cha kuondoka nacho, tafadhali sana. Mzee kukaa saa nne anatoa alichobeba miaka themanini ni kazi, na mtaalamu akija kutoka nje kwa saa hizohizo nne mnamlipa. Bibi hakuomba kitu. Naomba mimi kwa niaba ya wote.

Kwa upande wangu nimeshaanza. Nimemrekodi bibi mara tatu, jumla kama saa moja na dakika kumi, simu yangu imejaa nimefuta picha za biashara kupata nafasi. Kwenye ile ya tatu kaimba wimbo waliokuwa wanaimba wakati wa kukamua, na katikati ya wimbo akasahau mstari mmoja. Akarudia mara mbili, haukuja. Akasema utakuja wenyewe usiku. Haujaja mpaka leo. Kuna rafiki yake mmoja Nkoaranga anasema huenda anaukumbuka, ila huyo rafiki amelazwa toka wiki iliyopita, na ndo maana nimeona hii barua isisubiri tena.

Kwahiyo naomba mje. Mkiulizia pale Kilombero upande wa vitenge mtanipata, nitawapeleka mwenyewe. Bibi mzuri ni asubuhi, kuanzia saa tatu akishakunywa chai, saa nane analala na akiamka anakuwa mchovu. Sikio la kushoto halisikii vizuri, kaeni upande wa kulia. Msije siku ya gulio la Tengeru, hatakuwepo. Atakayekuja awe na subira na kama yupo mwenye Kimeru aje naye maana kuna maneno akiyasema kwa Kiswahili anasema siyo yenyewe.

Na kama kuna uwezekano mje na kile kibuyu. Kama sheria hairuhusu kitoke, basi mtutumie ujumbe tu tutamleta huko, nitafunga kibanda tena, ila siku hiyo mwenye funguo awepo. Bado anataka kukinusa.